Kichwa Kiumacho Upande Mmoja

Huku Uvira, kichwa kikiuma tunasema ni malaria. Lakini, ndugu msomaji, yako maumivu mengine: hushika nyuma ya jicho moja, jicho huwa jekundu, likitoka machozi, na pua huchuruzika. Huja mara nyingi usiku, saa ile ile, kwa muda wa robo saa mpaka masaa 3. Mgonjwa wa malaria hulala. Huyu hawezi kutulia, hutembea chumbani huku na huku. Wengine wameng'olewa meno mazima bure!

Oksijeni ivutwayo kwa barakoa, lita 12 kwa dakika, muda wa dakika 15, hutuliza wengi. Ugonjwa ukiwa sugu, mganga hupima moyo, kisha hutoa verapamili ya kuuzuia. Na kasiksi? Katika majira ya ugonjwa, hata kikombe kimoja chaweza kuamsha maumivu.