Hesabu za Akina Mama Zilipofutika, na Namna Tulivyozirudisha

Mhariri wa jarida letu alinitaka niandike jambo la manufaa kuhusu tarakilishi. Sehemu za tarakilishi zimeelezwa humu mwaka nenda mwaka rudi mpaka tumezikariri kama sala. Kwa hivyo nimeona heri nieleze siku nilipofuta hesabu za watu 14 kwa mkono wangu mwenyewe, na njia tuliyoifuata kuzirudisha. Aibu ninayo, lakini nimekwisha kukubali kuandika.

Mama yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama hapa Kimilili. Wengine wao wanauza nafaka na mboga sokoni, wengine wana mashamba upande wa Kamukuywa. Kila Alhamisi kila mmoja hutoa shilingi 200. Mwanachama akipatwa na haja, hukopeshwa hadi mara mbili ya akiba yake. Hesabu zilikuwa katika daftari la shule mpaka mwaka wa 2022, mjomba alipotuletea tarakilishi kuukuu kutoka Kitale, ndani yake akiwa ameweka programu iitwayo GnuCash. Ni programu ya bure ya kuweka hesabu za nyumbani na za biashara ndogo. Mama akawa msomaji wa tarakimu, mimi nikawa karani. Mjomba alitushikia fimbo juu ya jambo moja: mtu akituma mchango kwa M-PESA, tuandike na ule msimbo wa ujumbe. Niliona ni kazi ya bure. Subirini.

Basi Jumatatu tarehe 5 Agosti 2024, siku ya kwanza ya likizo, nilikaa kusafisha hesabu. Niliona kuna akaunti mbili zinazofanana, "Michango" na "Michango 2024". Nikajiambia, hii ya kwanza ni marudio tu. Nikabonyeza kufuta. Kwa haki ya Mungu programu iliniuliza: vipi akaunti ndogo zilizo chini yake? Vipi malipo yaliyomo, yahamishwe au yafutwe? Nikajibu yafutwe yote, kisha nikahifadhi, nikaenda zangu uwanjani kucheza mpira.

Ile "Michango" haikuwa marudio. Ilikuwa akiba yote ya mwaka wa 2022 na wa 2023.

Hapa inafaa nieleze kidogo jinsi hesabu za namna hii zinavyokaa. Katika GnuCash kila malipo huandikwa pahali pawili: pesa zinakotoka na pesa zinakokwenda. Desturi hii ni ya kale, na mtawa wa Italia, Luca Pacioli, aliieleza katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka wa 1494. Jirani akituma 200, akaunti ya "Simu" inapanda 200 na akiba yake inapanda 200. Ukifuta malipo upande mmoja, na upande wa pili yanafutika. Kwa hivyo nilipoiondoa "Michango", pesa zote zilizowahi kuingia kwenye "Simu" kwa miaka ile miwili nazo zilitoweka, ilhali zile zilizotolewa kupelekwa benki zilibaki. Salio la "Simu" likageuka jekundu, hasi, kana kwamba mama ametoa pesa ambazo hakuwa nazo. Nililiona kwa macho yangu! Nikadhani ni rangi tu. Laiti ningelilinganisha na salio lililokuwa kwenye simu ya mama jioni ile, mambo yangeishia hapo.

Yalilipuka Alhamisi tarehe 22. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu iliyofuata, na jirani yetu mmoja alihitaji mkopo wa shilingi 22,000 awalipie karo watoto wawili. Nikafungua hesabu yake mbele ya wote. Akiba: 6,200. Mara mbili yake ni 12,400, basi.

"Mayi," akamwambia mama, taratibu kabisa, "hesabu yangu ya miaka miwili imeenda wapi?"

Nyumba ikawa kimya. Hakuna aliyetaja neno wizi, lakini lilikuwa limeketi pale katikati yetu kama mgeni. Mama hakunitazama. Mimi jasho jembamba lilinitoka, mate yakanikauka, na ndipo nikakumbuka ile akaunti.

Nilimpigia mjomba simu huku natetemeka. Hakunigombeza. Aliniuliza maswali mawili: umefuta faili, ama umefuta maandishi yaliyo ndani ya faili? Na umeendelea kuitumia tangu siku ngapi?

Swali la kwanza ndilo linaloamua njia. Aliyefuta faili zima huanzia kwenye pipa la taka la tarakilishi yenyewe. Hata pipa likiwa limemwagwa, diski ya kizamani haifuti maandishi papo hapo. Huandika tu kwamba nafasi ile sasa ni huru, kama vile mwalimu anavyokata jina kwenye orodha ya bweni na kitanda kikabaki na matandiko. Zipo programu za kutafuta matandiko hayo, kama PhotoRec, ambayo nayo ni ya bure. Ila uache kabisa kuitumia diski ile, maana kila unachoandika upya chaweza kulalia kitanda hicho. Na diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka mara nyingi hujisafisha zenyewe upesi, hapo matumaini ni haba.

Mimi sikufuta faili. Faili lilikuwepo, zima, ila tupu ndani. Pipa la taka halingenisaidia, na GnuCash haina kitufe cha kutendua ulilotenda. Lakini kila inapohifadhi, haiandiki juu ya faili la zamani. Hulisukuma pembeni, ikalipa jina lenye tarehe na saa, ndipo ikaandika jipya. Maana yake, kile kitufe cha kuhifadhi nilichokibonyeza baada ya kufuta, na ambacho nilikuwa nakilaani, ndicho kilichoniwekea nakala ya hali ilivyokuwa kabla. Tena nakala hizo, usipobadilisha chochote, hukaa siku 30, kisha programu huziondoa. Mjomba aliposikia ni siku 17 tu alishusha pumzi nikamsikia.

Tukafungua folda. Lo! Mafaili yalikuwa mengi kama siafu. Tukasoma majina mpaka tukafika 20240805161242, yaani mwaka 2024, mwezi wa 8, tarehe 5, saa kumi na dakika 12 na sekunde 42 za jioni. Mjomba alinikataza kulifungua vivi hivi. Kwanza nilinakili folda nzima kwenye flashi, ndipo nikafungua nakala ya nakala. "Michango" ilikuwemo, na akiba ya jirani ya miaka ile miwili ilikuwa 19,400. Malipo yaliyoingia baada ya tarehe 5 hayakuwemo, bila shaka, lakini hayo yalikuwa katika faili la sasa, kwa hivyo niliyaandika tena moja moja.

Nilidhani tumemaliza. Jirani akauliza swali ambalo mjomba wala programu hawangeweza kulijibu: "Na nitajuaje hukuyaandika haya sasa hivi hapo nikiangalia?"

Swali la haki. Ndipo ule msimbo nilioudharau ukafanya kazi yake. M-PESA, ambayo Safaricom iliianzisha mwaka wa 2007, hutuma ujumbe kwa anayetoa na kwa anayepokea, na jumbe zote mbili zina msimbo ule ule wa herufi na tarakimu 10. Jirani alitoa simu yake, akaanza kusoma. Mimi nikawa natafuta kwenye skrini. Tukagundua na ujanja mmoja katika kusoma: herufi ya kwanza inafuata mwaka na ya pili inafuata mwezi. Misimbo ya 2023 ilianza na R, ya 2024 na S; A ni Januari, B ni Februari, na kuendelea. Kwa hivyo akisoma "RC" nilijua niende moja kwa moja Machi 2023. Kati ya malipo yake 97, simu yake ilikuwa bado na jumbe 41. Zote zilikubaliana.

Zilizobaki tulizipata kesho yake. Mama alibonyeza *334# akaomba taarifa ya M-PESA, ikatumwa kwa barua pepe ya mjomba katika faili lililofungwa kwa nambari ya siri. Huko tukapata malipo mengine 47. Jumamosi jirani alipewa shilingi zake 22,000.

Ukihesabu, msomaji, utaona 9 yamekosekana. Hayo alilipa taslimu mkononi, na pesa taslimu haina msimbo. Manane tuliyakuta katika daftari la zamani ambalo mama alikuwa bado analiandikia kwa siri, kwa kuwa hakuniamini mimi wala tarakilishi. Sikuwa na la kusema.

Siku hizi akaunti ya zamani siifuti, naificha. Ipo alama ya kufanya hivyo. Malipo yaliyokosewa nayabatilisha: programu inauliza sababu, na mstari unabaki pale pale ukiwa hauna thamani, kama karani wa zamani alivyopiga mstari mwekundu akatia sahihi pembeni. Yale malipo ya tisa, shilingi 200, bado yamo katika hesabu ya jirani. Mama alitaka kuyalipa kutoka mfukoni mwake, jirani akakataa. Nimeandika pembeni: "Hakuna ushahidi. Wote wawili wanakumbuka mvua ilikuwa inanyesha."