Sindano Ikivunjika, Alipe Nani?

Mwenye karakana mmoja hapa Gisenyi alikuwa akiwakata mafundi wake mshahara kwa kila sindano iliyovunjika. Mafundi hao, wote akina mama, hushona mablanketi ya vipande vya kitenge, pamba katikati, kisha mshono unazungushwa juu yake kama maua. Niliketi nao siku nzima nikitazama. Kosa halikuwa lao. Cherehani zilikuwa bado zimewekwa kwa kushona suruali!

Kwa kazi ile, meno yanayovuta nguo yashushwe. Cherehani ya zamani isiyoshusha meno hufunikwa kwa kibati chake. Urefu wa mshono uwe sifuri, kwani sasa mikono ndiyo inayoongoza nguo. Mguu wa kawaida utolewe, uwekwe ule wa kutarizia. Wenzo wa mguu lazima ushushwe. Ukiachwa juu, uzi unalegea na kufungana chini kama kiota cha ndege. Sindano iwe mpya, namba 14. Jaribu kwanza kwenye kipande kidogo chenye unene uleule.

Tena miguu ikanyage kwa mwendo mmoja, mikono iende polepole. Ukiivuta nguo kwa nguvu sindano ikiwa ndani, inapinda, inagonga bamba la chuma, inakatika. Kipande chake chaweza kuruka jichoni, na jicho halinunuliwi sokoni.

Tulimweleza mwenye karakana haya yote mbele ya mafundi. Miguu ya kutarizia na vibati amenunua yeye. Makato yamesimama. Fedha alizokata zamani bado tunamdai.