Sakafu ya vigae: kazi inayoamuliwa kabla ya kigae cha kwanza kulazwa

Uimara wa sakafu ya vigae hutegemea zaidi kilichofunikwa kuliko kinachoonekana. Kigae cha bei kubwa kikilazwa juu ya jamvi bichi au lenye mabonde kitabanduka au kupasuka. Kigae cha kawaida kikilazwa juu ya sakafu kavu na iliyonyooka kitadumu miaka mingi. Hata hivyo, katika nyumba nyingi zinazojengwa Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania, akili na fedha za mwenye nyumba huishia dukani, kwenye rangi na mng'aro. Kazi ya chini huachiwa fundi aamue peke yake, na mara nyingi huiamua akiwa anaharakishwa.

Kazi hiyo huanza na jamvi. Chini ya zege kunatakiwa kuwe na kifusi kilichoshindiliwa tabaka kwa tabaka, mawe, kisha karatasi nzito ya nailoni ya kuzuia unyevu usipande kutoka ardhini. Penye kifusi kisichoshindiliwa vizuri jamvi hutitia, na ufa wake hupanda moja kwa moja hadi kwenye kigae. Pasipo nailoni, hasa maeneo ya pwani ambako maji ya ardhini hayako mbali, unyevu hupanda ukiwa umebeba chumvi, na baada ya muda ungaunga mweupe hujitokeza kwenye viungo vya vigae. Kuufuta hakusaidii, kwa kuwa kesho yake hurudi.

Zege huhesabiwa kuwa limefikia nguvu yake ya kawaida baada ya siku 28. Katika siku hizo husinyaa kadiri linavyopoteza maji, na kigae kilichobandikwa mapema huvutwa na msinyao huo. Saruji ya kusawazishia inayopigwa juu ya jamvi nayo hutaka muda wake. Mafundi wa zamani wa Unguja na Lamu walishindilia sakafu za chokaa kwa siku kadhaa kabla ya kuziacha zikauke. Leo sakafu iliyomwagwa Jumatatu hulazwa vigae Ijumaa kwa sababu tu mwenye nyumba anataka kuhamia.

Kipimo cha unyevu hakihitaji mashine. Kipande cha nailoni angavu chenye ukubwa wa takriban nusu mita kwa nusu mita hubandikwa sakafuni, kingo zote zikiwa zimezibwa kwa utepe, kisha huachwa hadi siku inayofuata. Matone ya maji yakionekana upande wa chini, au zege likiwa limegeuka rangi na kuwa jeusi kidogo, sakafu bado ni mbichi. Kwa vigae vinavyobandikwa kwa gundi ya saruji hiyo ni ishara ya kusubiri. Kwa sakafu ya mbao au zulia la plastiki ni katazo kamili, maana mbao zitavimba na plastiki itaachia.

Baada ya ukavu huja unyoofu. Rula ya alumini yenye urefu wa mita 2 hulazwa sakafuni na kuzungushwa pande zote. Kwa vigae vikubwa vya sentimita 60 kwa 60, pengo la zaidi ya milimita 3 chini ya rula linapaswa kujazwa na kusawazishwa kabla ya siku ya kulaza. Fundi anayesema kwamba mabonde yatasawazishwa na gundi anatafuta njia ya mkato: gundi nene hukauka kwa kusinyaa, na kigae kilichokuwa sawa na mwenzake jioni huamka kimeshuka asubuhi. Nyumba ya zamani yenye sakafu ya niru iliyosuguliwa ikang'aa nayo ina tatizo lake, kwani gundi haishiki juu ya uso laini. Sakafu ya namna hiyo hutinduliwa vijishimo kwa patasi na nyundo, ikafagiwa vumbi lote, ndipo ikafaa.

Dukani kuna mambo machache ya kujua, na la kwanza ni tofauti kati ya kigae cha kauri ya kawaida na kigae cha poselini. Poselini huchomwa kwa moto mkali zaidi na hunyonya maji kidogo sana, yaani kwa viwango vya kimataifa si zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Vigae vingi vya ukutani hunyonya zaidi ya asilimia 10, ni vyepesi, na havikutengenezwa kubeba miguu ya watu na ya meza. Kulaza kigae cha ukutani sakafuni kwa sababu rangi yake imependeza ni kununua nyufa. La pili ni utelezi. Kigae kinachong'aa kama kioo hupendeza sebuleni, lakini bafuni, jikoni na barazani panapopigwa na mvua kinaweza kumvunja mzee nyonga. Maeneo hayo yanataka kigae chenye uso mkavu na wa kukwaruza kidogo. Baadhi ya maboksi huonyesha daraja la kuzuia utelezi kwa herufi R, kuanzia R9 hadi R13, na namba inapokuwa kubwa kigae hushika mguu zaidi.

Hesabu ya maboksi ni rahisi ikifanywa kwa mita za mraba. Sebule ya mita 5 kwa 4 ina mita za mraba 20. Huongezwa asilimia 10 kwa ajili ya vipande vitakavyokatwa na kuvunjika, ikawa 22. Boksi la vigae vinne vya 60 kwa 60 hufunika mita za mraba 1.44, hivyo yanahitajika maboksi 16. Vigae vikilazwa kwa mshazari, nyongeza ipande hadi asilimia 15. Maboksi yote yanunuliwe kwa wakati mmoja, na namba za toleo zilizopigwa ubavuni zilinganishwe moja baada ya nyingine kabla ya mzigo kupakiwa. Vigae vya muundo mmoja vilivyochomwa siku tofauti hutofautiana rangi, na wakati mwingine hata kipimo kwa milimita moja hivi. Hilo linahusu vigae vinavyotoka viwanda vya Mkuranga na Chalinze mkoani Pwani sawa na vile vinavyoagizwa kutoka nje. Macho hayaoni tofauti ndani ya duka. Huiona sebuleni, jua la jioni linapoingia.

Kumpata fundi ndiko kugumu zaidi. Mafundi wengi wa vigae walijifunza kazi wakiwa saidia fundi, na miongoni mwao wapo hodari wasio na karatasi yoyote. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, mbali na kufundisha uashi katika vyuo vyake, ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi waliopata ujuzi mtaani, kwa hiyo cheti chake kina maana. Lakini ushahidi mzuri kuliko wote ni kazi yenyewe, na si ile iliyomalizika wiki iliyopita. Sakafu yoyote hupendeza ikiwa mpya. Fundi aombwe kuonyesha nyumba aliyoifanya miaka miwili au mitatu nyuma, na mwenye nyumba ile aulizwe kama kuna kigae kilichoachia na kama fundi alirudi alipoitwa.

Makubaliano yaandikwe, hata kama fundi ni ndugu. Ufundi hulipwa kwa mita ya mraba, lakini ugomvi huzaliwa na yale yasiyohesabiwa humo: skatingi, ambayo hupimwa kwa mita ya urefu, ngazi, kubomoa sakafu ya zamani na kusomba kifusi, kuranda milango. Hilo la milango husahaulika karibu kila mara. Kigae pamoja na gundi yake huinua sakafu kwa sentimita moja na nusu au zaidi, na mlango uliokuwa ukifunguka vizuri hukwama. Iandikwe pia nani ananunua gundi, nani anamlipa kibarua, na vigae vitakavyovunjwa kwa uzembe ni hasara ya nani. Malipo yatolewe kwa hatua, na sehemu ya maana ibaki hadi kazi ikaguliwe. Kumlipa fundi yote kabla ya viungo kujazwa ni kujinyima sauti.

Siku ya kazi, dakika za mwanzo hueleza mengi. Fundi anayejua kazi hachanganyi gundi kwanza. Huvuta uzi, huhakikisha kona ya chumba ni mraba, kisha hupanga mstari wa vigae vikavu kutoka ukuta hadi ukuta ili aone vipande vya kukata vitaangukia wapi. Kigae kizima kinatakiwa kionekane mlangoni; vipande viende nyuma, panapokaa kabati na makochi. Chumba kilichoanzwa bila hesabu hiyo huishia na utepe wa sentimita 4 mahali ambapo kila mgeni huukanyaga.

Gundi ndiyo penye siri kubwa. Mazoea ya kulaza vigae kwa uji wa saruji yalifaa kwa kauri inayonyonya maji, ambayo hata hulowekwa kwanza. Poselini hainyonyi, kwa hiyo saruji tupu haina pa kushika, na inahitaji gundi ya vigae iliyotengenezwa kwa ajili yake. Gundi hiyo hupakwa sakafuni kwa mwiko wa meno, mistari yake ikielekea upande mmoja, na kigae kikubwa hupakwa tabaka jembamba mgongoni pia. Kisha kigae hukandamizwa kwa kusogezwa huku na huku ili mistari ilale na hewa itoke. Haipakwi eneo kubwa kwa mara moja, kwa sababu uso wake hukauka upesi kwenye joto, na gundi iliyoota ngozi haishiki tena hata ikigongwa vipi.

Ubaya wenyewe huonekana pale fundi anapoweka madonge matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati, kisha akalaza kigae juu yake. Kwa nje hakuna anayetambua. Chini yake kumebaki mashimo ya hewa, na mguu wa kitanda ukikalia penye shimo, kigae hukatika. Ukaguzi wa jambo hili ni wa papo hapo: kigae kimoja kilichotoka kulazwa kiinuliwe na mgongo wake utazamwe. Katika chumba kikavu gundi inapaswa iwe imeshika angalau asilimia 80 ya mgongo huo; bafuni na nje, asilimia 95. Fundi mwaminifu hukiinua mwenyewe bila kuombwa. Kazi ikishakauka, kinachobaki ni kugonga kwa mpini wa mwiko na kusikiliza: penye uwazi hutoa mlio wa kopo tupu.

Viungo navyo si pambo. Wapo wenye nyumba wanaotaka vigae vigusane ili sakafu ionekane kama kipande kimoja, na mafundi huwakubalia. Vigae na zege hutanuka na kusinyaa kwa joto na unyevu, na pasipo nafasi ya kutanukia, msukumo hujilimbikiza hadi siku moja safu nzima inyanyuke ghafla kwa kishindo na kusimama kama paa la hema. Wenye nyumba hutafuta mchawi, kumbe ni nafasi iliyokosekana. Kati ya kigae na kigae panahitajika milimita 2 au 3, zinazoshikiliwa na vijiti vya plastiki. Kandokando ya kuta huachwa nafasi kubwa zaidi, isiyojazwa saruji, ambayo skatingi huifunika. Ukumbi mrefu huwekewa kiungo laini cha silikoni kila baada ya mita 6 hivi, na baraza linalopigwa jua, kila baada ya mita 3.

Bafuni kuna kazi ya ziada ambayo haipaswi kurukwa. Kigae na viungo vyake havizuii maji. Kinachozuia ni tabaka la dawa ya kuzuia maji linalopakwa juu ya zege na kupandishwa ukutani kabla ya kulaza. Mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji hutengenezwa katika saruji ya kusawazishia, si kwa gundi. Katika ghorofa, tundu huzibwa na sakafu hujazwa maji kina kidogo kwa saa 24, kisha dari ya chini ikaangaliwa. Siku hiyo moja huokoa ugomvi wa miaka na jirani.

Ukataji ufanyike nje na kwa maji. Vumbi la kigae kinachokatwa kwa grenda kikavu lina silika, ambayo huharibu mapafu taratibu na imethibitishwa kusababisha saratani. Kitambaa kilichofungwa puani hakiizuii. Barakoa ya kuchuja vumbi na ndoo ya maji si gharama kubwa, na mwenye nyumba anaweza kuviweka katika makubaliano.

Viungo hujazwa baada ya gundi kukauka, kwa kawaida siku inayofuata, na ukungu wa saruji hufutwa kwa sifongo lenye unyevu kabla haujaganda. Asidi ya kusafishia inayouzwa mitaani hung'arisha kwa siku moja na kula viungo kwa miaka. Kutembea sakafuni kusubiri saa 24, na makabati mazito yangoje siku kadhaa. Ukaguzi wa mwisho ufanywe mchana, kwa mwanga wa dirishani, kabla ya malipo ya mwisho: kingo ziguswe kwa kidole, vigae vigongwe, maji yamwagwe bafuni yaonekane yanakokwenda.

Vigae vilivyobaki visiuzwe wala visigawiwe. Vihifadhiwe na boksi lake lenye namba ya toleo, pamoja na risiti, kwani viwanda hubadilisha miundo mara kwa mara, na siku bomba litakapopasuka chini ya sakafu, vigae vya rangi ileile huenda visipatikane tena katika duka lolote.