Jirani analala, masikio yako je?

Kama unajifunza gitaa la umeme na unaishi chumba cha kupanga, huenda hedifoni zisizo na waya zimekuepusha na ugomvi. Unapiga hadi usiku wa manane na jirani hasikii kitu. Lakini sauti ile haijapotea. Sasa inaingia moja kwa moja masikioni mwako, na hakuna wa kukugongea mlango akuambie upunguze.

Ndani ya sikio kuna seli ndogo zenye vinyweleo ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa za kupelekwa kwenye ubongo. Sauti kubwa ya muda mrefu huzichosha, kisha huziua. Zikifa, hazioti tena. Mara nyingi uharibifu huu hauna maumivu, ndiyo maana wengi hugundua wakiwa wamechelewa. Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya The Who ya Uingereza, amewahi kueleza kuwa anaamini hedifoni za studio ndizo zilizomharibia usikivu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki akisikiliza sauti ya desibeli 80. Ikifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki.

Hedifoni za Bluetooth zina tatizo jingine kwa mpiga gitaa: huchelewesha sauti, mara nyingi kwa milisekunde 100 hadi 200 au zaidi. Milisekunde 200 ni sawa na kusimama karibu mita 70 kutoka kwenye spika. Kidole kimeshagusa uzi, noti inafuata baadaye, na wakati huohuo unasikia mlio mkavu wa nyuzi zenyewe. Hapo ni rahisi kuongeza sauti ili kuufunika mlio huo. Kuongeza sauti hakuondoi ucheleweshaji, kunaumiza sikio tu. Tumia hedifoni za waya, au zile zisizo na waya zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya ala za muziki.

Fanya pia haya:

• Shusha sauti kabisa kabla ya kuvaa hedifoni na kabla ya kuchomeka au kuchomoa waya wa gitaa. Ule mlipuko wa ghafla ni hatari.

• Pandisha sauti taratibu, uishie pale unapozisikia noti vizuri. Usiiguse tena, sikio likichoka, sauti ileile huonekana ndogo.

• Kila baada ya muda, vua hedifoni upumzishe masikio. Mazoezi ya vidole yafanye bila kuchomeka gitaa.

• Kama feni au barabara ina kelele, chagua hedifoni zinazofunika sikio lote badala ya kushindana na kelele hiyo.

Ukimaliza mazoezi ukasikia mlio kama wa nyenje, au masikio yakawa kama yamezibwa, umezidisha. Pumzika. Hali hiyo ikiendelea hadi kesho yake, au ukianza kuwaomba watu warudie wanachosema, muone daktari wa masikio, pua na koo. Na usikivu wa sikio moja ukipotea ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Matibabu ya hali hiyo hayangoji.