Ini halisafishwi kwa chupa

Alikuja kliniki dereva wa watalii, mkazi wa hapa Karatu, umri miaka 48. Akaweka mezani chupa ya vidonge aliyouziwa na jirani. "Dokta, hii inasafisha ini na kushusha sukari kwa pamoja." Alikuwa amevimeza kwa wiki tano, na kwa wiki hizo zote alikuwa ameacha metformini aliyoandikiwa. Sukari yake asubuhi kabla ya kula ilikuwa 15.2. Kipimo cha ultrasound kilionyesha ini limejaa mafuta.

Wasomaji wengi mnaniuliza kuhusu chupa za namna hii, kwa hiyo leo tuzungumzie ini na sukari.

Ini ni ghala la sukari mwilini. Ukila, insulini huliamuru liweke akiba. Ukilala, linatoa kidogo kidogo ili ubongo usikose chakula. Mafuta yakijaa ndani yake, ini huwa sugu kwa amri ya insulini na huendelea kumwaga sukari hata isipohitajika. Ndiyo maana mgonjwa hulalamika, "Jana usiku sikula kitu, mbona asubuhi sukari iko juu?" Imetoka ndani mwake. Na mafuta hayo si lazima yatokane na pombe. Ini lenyewe huyatengeneza kutokana na sukari na wanga uliozidi.

Nilimwomba anisimulie siku yake. Alfajiri chai ya vijiko vinne vya sukari na chapati mbili, ili awahi lango la Loduare. Mchana, ndani ya kreta, boksi la chakula: mkate, keki, juisi ya pakiti, kipande cha kuku. Jioni soda mbili za kuondoa vumbi kooni, kisha sahani ya wali iliyojaa. Siku nzima yuko kwenye usukani. Soda ya mililita 350 huwa na takriban gramu 37 za sukari, kama vijiko tisa vya chai. Hapo kazi ya ini inaanza kueleweka.

Kuhusu chupa: hakuna kidonge kinachosafisha ini. Uwatu na mdalasini vinaweza kushusha sukari kidogo, lakini si kwa kiasi cha kuchukua nafasi ya dawa, na vikichanganywa na baadhi ya dawa sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Baadhi ya mitishamba huliumiza ini lenyewe. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka mwaka 2011, magari yalivyopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Nilikuwa daktari mchanga. Sibishani na imani ya mtu, ila nawakumbuka wagonjwa wa kisukari walioacha dawa baada ya safari ile na kuletwa wodini hawajitambui.

Kinachosaidia kipo sokoni kwetu. Mbaazi, ngwara na maharage vina nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Pika makande yenye mbaazi nyingi kuliko mahindi. Nusu ya sahani iwe mnavu, mchicha au mlenda, na ugali wa dona usizidi ngumi yako. Lakini mahindi na karanga za dona hiyo zikauke vizuri, na zenye ukungu zitupwe. Sumukuvu haiishi kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na kwa majirani zetu wa Manyara kwa kuharibu maini yao.

Kahawa, ile inayolimwa hapa hapa Oldeani, ni rafiki wa ini. Tafiti nyingi zimeona wanywaji wake hupata ini kusinyaa mara chache zaidi. Vikombe viwili au vitatu kwa siku, bila sukari. Asali je? Inapandisha sukari kama sukari nyingine. Mtaniambia Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanaila sana. Kweli, na wanatembea kilomita nyingi kila siku kuitafuta.

Dereva wangu alikuwa na kilo 92. Kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito hutosha kupunguza mafuta na uvimbe ndani ya ini, nasi tulilenga kilo nane. Alirudia metformini, akaacha soda, kwenye boksi akaanza kula kuku na kuacha keki, na jioni anatembea nusu saa. Baada ya miezi minne amepungua kilo sita na sukari ya asubuhi ni 7.1. Bado hatujafika, lakini anakuja kila mwezi.

Kama unatumia dawa lishe yoyote, njoo nayo kliniki na chupa yake, usiifiche. Na macho yakigeuka manjano, au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, acha mitishamba na hizo dawa lishe siku hiyo hiyo uwahi hospitali.