Derrick Henry: kijana aliyelelewa na tate yake akavunja rekodi ya miaka 59

Yulee ni mji mdogo wa kaskazini-mashariki mwa jimbo la Florida, Marekani. Hapo ndipo Derrick Henry alizaliwa tarehe 4 mwezi wa kwanza 1994. Wazazi wake walikuwa bado vijana, hawajafikisha hata miaka 18, na mzigo wa kumlea ukamwangukia tate yake mwanamke, mama ya baba yake. Ni yeye aliyemwita mtoto "Shocka", kwa sababu habari ya kuzaliwa kwake ilishitua jamaa nzima.

Mpira ambao Henry anacheza si huu wetu wa miguu. Ni ule wa Wamarekani, ambapo mchezaji anashika mpira mkononi na kukimbia nao huku wapinzani wakimkamata na kumtupa chini. Umbali wote unapimwa kwa yadi, na yadi moja inapungua kidogo mita moja.

Katika miaka minne ya sekondari pale Yulee, Henry alikimbia yadi 12,124. Hiyo ni kama kilomita 11. Kwa mtu anayetembea barabarani si kitu. Lakini kila hatua ya Henry ilikuwa na watu wa kumwangusha, na mwaka wa 2012 peke yake alipewa mpira zaidi ya mara 400. Mwaka huo alifikisha yadi 4,261, wastani wa zaidi ya 327 kwa kila mchezo. Mkimbiaji anayepata 100 kwa siku moja huwa tayari anasifiwa.

Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Ken Hall, kijana wa Sugar Land huko Texas, aliyemaliza sekondari mwaka wa 1953 akiwa na yadi 11,232. Ilikaa miaka 59. Hall mwenyewe hakupata maisha ya mpira ambayo watu walimtabiria: katika chuo kikuu cha Texas A&M hakuelewana na kocha Bear Bryant, akaiacha timu, na baadaye akacheza kidogo tu kama mtu wa kulipwa. Kwa hiyo rekodi ya sekondari haikuwa ahadi ya kitu chochote, na wengi walikuwa na shaka juu ya Henry vilevile.

Shaka yao ilitokana na mwili wake. Ana urefu wa karibu mita 1.90 na kilo karibu 110. Wataalamu wengi walisema mtu mrefu hivyo ni rahisi kupigwa miguuni, afadhali awe mlinzi. Yeye alikataa. Alichagua Alabama, na hata kabla ya msimu wake wa kwanza akavunjika mguu mazoezini. Alipopona, alikaa nyuma ya wengine akingoja zamu yake.

Zamu ilifika mwaka wa 2015. Alikimbia yadi 2,219, akafunga mara 28 kwa mbio, akapewa tuzo ya Heisman, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa wachezaji wa vyuo vikuu. Mwezi wa kwanza 2016 Alabama ikashinda ubingwa wa nchi.

Hata baada ya hayo, timu za kulipwa zilimwacha hadi nafasi ya 45, Tennessee Titans ikamchukua. Mwaka wa 2018 alikimbia yadi 99 kwa mbio moja dhidi ya Jacksonville, karibu uwanja mzima, akiwasukuma walinzi kwa mkono mmoja. Mwaka huohuo alirudi Alabama kuchukua diploma yake ya chuo kikuu.

Mwaka wa 2020 alipita yadi 2,000 katika msimu mmoja, jambo ambalo wachezaji wachache sana wamelifanya. Mwaka wa 2024 alihamia Baltimore Ravens akiwa na miaka 30, umri ambao wakimbiaji wengi huwa wameisha kuachwa na timu zao. Alimaliza msimu huo na yadi 1,921.