Ardhi ya Shule Isiyotumika: Iuzwe au Ikodishwe?

Shule iliyojengwa kwa ajili ya watoto 600, ikiwa leo imebakiwa na watoto 200 tu, ifanyweje? Madarasa yafungwa, nyasi zaota uwanjani, na gharama za kutunza mapaa na mabomba zaendelea kulipwa kila mwaka kana kwamba watoto wote wapo. Wako watakaosema, "Na iuzwe mara moja." Wengine watasema, "Isiguswe kamwe." Katika jimbo la California, nchini Marekani, neno hili halikuachiwa mtu mmoja kuliamua, wala halikuachiwa bodi ya shule peke yake. Imewekwa njia ndefu ya sheria, na hatua zake zafaa kujulikana na kila mtu ambaye watoto wake huenda shuleni.

Kwanza yapasa kufahamu ya kuwa huko "wilaya ya shule" si sawa na wilaya ya Serikali. Ni mamlaka iliyosimama peke yake, yenye mipaka yake, fedha zake na ardhi yake, nayo huongozwa na bodi ya wajumbe wanaochaguliwa na wenyeji kwa kura. Bodi hiyo ndiyo mwenye hati za viwanja. Lakini wajumbe ni wadhamini tu; mali ni ya watu.

Jambo hili lilianza kuwa zito katika miaka ya 1970. Baada ya Vita Kuu ya Pili watoto walizaliwa kwa wingi mno, na shule zikajengwa upesi upesi kila mahali. Watoto wale walipokwisha kukua, waliowafuata walikuwa wachache, na madarasa yakaanza kubaki matupu. Kisha mwaka 1978 wapiga kura wa California walikubali sheria ya kuweka mpaka juu ya kodi ya ardhi na majengo, isipite asilimia 1 ya thamani iliyoandikwa. Shule zikapungukiwa na fedha wakati ule ule zilipopungukiwa na watoto. Hapo ndipo bodi nyingi zilipogeuza macho kutazama viwanja vyao.

Hatua ya kwanza, kabla ya kuuza au kukodisha, ni kuunda halmashauri ya washauri. Watu wake wasipungue 7 wala wasizidi 11. Sheria yataka watu hao wafanane na wenyeji wenyewe kwa kabila, umri na hali ya maisha. Humo wamo wafanya biashara, wenye ardhi au wapangaji, walimu, wasimamizi wa shule, wazazi, na watu wenye ujuzi wa mambo kama mikataba, ujenzi na mipango ya matumizi ya ardhi.

Kazi ya halmashauri si kupiga makofi. Huanza kwa hesabu: watoto wangapi wanatazamiwa katika miaka ijayo, na nafasi kiasi gani ni ziada ya kweli. Kisha huandika orodha ya matumizi yanayoweza kukubaliwa na wenyeji, likitangulia lile linalofaa zaidi, na orodha hiyo husambazwa katika mtaa unaohusika. Mikutano hufanywa ili watu waseme. Mwisho halmashauri huipelekea bodi taarifa ya mashauri yake. Bodi hailazimiki kuyafuata yote, lakini haiwezi kudai kwamba haikusikia.

Hatua ya pili ni kuwapa nafasi wenye haja za umma. Kabla ya mnunuzi binafsi kufikiwa, ardhi yapasa kutangazwa kwa mamlaka kama miji na idara za bustani za watu wote, na kwa wale wanaojenga nyumba za watu wenye kipato kidogo. Hao hupewa siku 60 kujibu kama wanaitaka. Tena, ikiwa uwanja umetumika kwa michezo muda wa miaka 8 au zaidi, sheria iitwayo Naylor Act yaweza kuuruhusu mji, kwa masharti, kununua sehemu kwa bei iliyo chini ya ile ya soko, lakini si chini ya robo ya thamani yake. Hata hivyo wilaya hailazimishwi kutoa kwa njia hiyo zaidi ya asilimia 30 ya ardhi yake ya ziada. Hivyo watoto wa mtaa hubaki na mahali pa kuchezea, na shule nayo hainyang'anywi mali yake yote.

Hatua ya tatu ni azimio la bodi. Hupitishwa katika mkutano ulio wazi, kwa theluthi mbili za wajumbe wote. Kwa hiyo bodi ya watu 5 yahitaji kura 4. Kura 3 hazitoshi. Azimio hueleza ardhi yenyewe, bei au kodi ya chini inayokubalika, na siku ya kupokea bei. Siku hiyo isiwe kabla ya majuma 3 kupita. Azimio hubandikwa mahali 3 pa hadhara, na tangazo huchapishwa katika gazeti mara moja kwa juma, majuma 3 mfululizo.

Siku ikifika, barua za bei zilizofungwa hufunguliwa mbele ya watu. Bei kubwa ikijulikana, aliyepo aweza kusimama na kutaja bei yake kwa mdomo, mradi iizidi ile ya barua kwa asilimia 5 au zaidi. Ikiwa barua yasema dola 1,000,000, anayesimama hana budi kutaja dola 1,050,000. Bodi ikiona hakuna bei inayofaa, yaweza kuzikataa zote.

Je, lipi bora, kuuza au kukodisha? Mkulima ajua tofauti ya kuuza ng'ombe na kuuza maziwa. Fedha za mauzo kwa kawaida hazitumiwi kulipa mishahara. Sheria huzielekeza kwenye majengo na matengenezo makubwa yasiyorudi kila mwaka. Ukodishaji waweza kufika miaka 99, lakini ardhi hubaki ya shule.

Mji wa Palo Alto umejifunza somo hili. Shule ya sekondari ya Cubberley ilifungwa mwaka 1979. Wilaya haikuuza kiwanja chake cha ekari 35. Tangu mwaka 1990 mji ulikikodi na kukifanya kituo cha jamii. Shule nyingine, Terman, ilifungwa mwaka 1978, na mahali pake pakaingia mikononi mwa mji. Watoto walipoongezeka tena, wilaya iliihitaji Terman, nayo ikafunguliwa upya mwaka 2001. Ili kuirudisha, wilaya iliupa mji ekari 8 za Cubberley. Kama ekari zile zingalikuwa zimekwisha kuuzwa, wilaya ingalitoa nini badala yake?

Njia hii ni ndefu, na wako wanaolalamika ya kuwa yachelewesha fedha. Lakini uzio ukishasimama na nyumba zikishajengwa, hakuna mkutano utakaoweza kuurudisha uwanja. Ndiyo maana hesabu hutangulia, tangazo hufuata, na bei husomwa mbele ya macho ya watu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na ardhi ya shule ni mali ya watoto waliopo, na ya wale ambao bado hawajazaliwa.